Wakija na hema Kasongo, wataonyeshwa nini?

KASONGO, kusini mwa Maniema. Kila kiangazi, mvua inapokatika na udongo wa barabara unapoanza kukauka, wakaaji wa Kasongo na Kabambare huuliza swali lile lile: je, mwaka huu magari yatafika? Wanauliza kwa sababu ya chumvi, sabuni, dawa na simenti. Hakuna anayeuliza kama mgeni atafika. Mgeni wa aina gani? Yule ambaye hakuja kununua dhahabu, wala kuhesabu wagonjwa, wala kuandikisha wakimbizi, bali kuitazama nchi na kulala humo usiku mbili tatu. Kwa wengi swali hilo ni la mzaha. Lakini ukilichunguza vizuri, ndani yake mna jambo kubwa kuliko starehe ya mgeni.

Shida ya kwanza ni hema lenyewe. Kunako Kabambare, mtu akiona hema limesimamishwa kando ya njia, hafikirii mapumziko. Anafikiria askari, au watu waliokimbia vijiji vyao, au watafiti wa madini. Mume na mke kupakia hema, magodoro, sufuria na jiko ndani ya gari, kisha kwenda mji hadi mji kwa furaha yao tu, ni desturi ambayo huku haijazoeleka. Kwingineko duniani ni jambo la kawaida. Watu wa umri wa kati, watoto wao wamekwisha kukua, huchukua likizo, hufuata barabara za mashambani, husimama penye maporomoko ya maji, penye kanisa la zamani, penye soko la Jumamosi, hununua mkate na matunda, hulala, na asubuhi huendelea. Miji midogo mingi inapata riziki kwa namna hiyo.

Basi na ichukuliwe safari moja ya mfano. Bwana na bibi wanakaa Ujiji, ng'ambo ya Tanganyika. Wote wawili ni Wamanyema, kama wanavyoitwa huko. Jina hilo lina maana yake. Katika karne ya 19, maelfu ya watu wa upande huu walipelekwa mashariki, wengine wakiwa watumwa, wengine wapagazi, wengine wafuasi wa wafanyabiashara wa pembe. Wajukuu wao wapo mpaka leo Kigoma, Ujiji, Tabora, Bujumbura na Dar es Salaam, na kule Kariakoo upo msikiti unaoitwa Msikiti wa Manyema. Watu hawa wawili ni wa kubuni, lakini njia yao haikubuniwa. Kila kituo kipo, na kila kituo kina kisa chake.

Wanataka kuifuata njia ya bibi zao kinyumenyume. Kwanza wanashuka hadi Bagamoyo, kusudi waanzie pale ambapo misafara ilifikia bahari. Toka hapo wanarudi bara kwa gari lao, na kazi si ngumu. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka kwa UNESCO orodha ya vituo vya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ikiomba vifikiriwe kuwa urithi wa dunia: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Si vituo vyote vinavyotunzwa vizuri, lakini angalau vimeandikwa. Mtu akifika Kwihara, karibu na Tabora, ataonyeshwa tembe ambamo Livingstone alikaa. Akifika Ujiji ataonyeshwa mnara na miembe, fasi ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwezi Novemba 1871. Kuna nyumba ya kumbukumbu, kuna mtu wa kueleza, kuna kitabu cha wageni kutia sahihi.

Halafu wanafika kwenye maji, na orodha inaishia hapo. Msomaji wa orodha hiyo anaweza kudhani kwamba misafara ilianza Ujiji, kana kwamba pembe na watu walikuwa wakiibuka kutoka ziwani. Lakini misafara haikuanzia Ujiji. Ilivuka ziwa kwa mitumbwi, ikapanda hadi Kabambare, ikaendelea Kasongo, ikafika Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Huku ndiko pembe zilikotoka. Huku ndiko watu walikotoka. Njia iliyoandikwa ni nusu ya njia, na nusu iliyosahauliwa ndiyo iliyolipa gharama yote.

Hapo ndipo hoja ya makala hii. Kusini mwa Maniema hakukosi vitu vya kumwonyesha mgeni. Kinachokosekana ni mtu wa kuvionyesha, kibao cha kuvitaja, na njia salama ya kuvifikia. Na mgeni wa kwanza anayedhulumiwa kwa kukosekana kwa hayo si Mzungu mwenye kamera, bali ni mjukuu wa mtu wa hapa hapa.

Kabambare

Bwana na bibi wanazunguka ziwa, wanapita Uvira, Baraka na Fizi, wanafuata barabara ya Lulimba hadi Salamabila. Kabla ya kufika Kabambare yenyewe wamekwisha kukutana na sababu kuu inayowafanya watu wa leo waogope njia hii. Salamabila kuna Namoya, na Namoya kuna dhahabu. Mgodi wa kisasa uliingia katika uzalishaji kamili mwaka 2016. Wafanyakazi walitekwa nyara, mapigano ya makundi yenye silaha yakarudi tena na tena, na mwaka 2019 kazi zilisimamishwa. Vijiji vilivyo kando ya njia vimejua kukimbia zaidi ya mara moja. Mtu yeyote anayeandika habari za safari upande huu bila kulitaja hilo anamdanganya msomaji wake, na kwa leo hakuna anayeweza kumwambia mgeni: njoo na mke wako mlale porini, hakuna neno.

Lakini Kabambare haikuanza na dhahabu ya Namoya. David Livingstone alifika hapa mwezi Septemba 1869, akaandika jina lake "Bambarre". Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza miezi kadhaa, na hakuondoka kwa mara ya mwisho kuelekea Lualaba mpaka Februari 1871. Karatasi ilimwishia, wino ukamwishia. Akawa anaandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa huku huku. Maandishi hayo yalififia hata yakawa hayasomeki. Ilipofika mwaka 2011 wataalamu waliyafufua kwa kuyapiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, na sasa mtu aliye London au Chicago anaweza kuyafungua kwenye intaneti na kusoma yaliyotokea Kabambare siku fulani ya mwaka 1871.

Mtoto wa shule wa Kabambare hawezi. Hana intaneti, na hata angekuwa nayo, hakuna aliyemwambia kwamba mji wake umo ndani ya daftari hilo. Bwana na bibi wa mfano wetu wakiuliza sokoni, "Livingstone alilala wapi?", watajibiwa kwa adabu, watakaribishwa viti, watapewa maji ya kunywa, lakini hakuna jiwe wala kibao cha kuwaonyesha. Wazee wa Kibangubangu wana habari zao kuhusu siku za misafara, walizopokea kwa baba na babu zao: nani alikuwa rafiki wa Waungwana, kijiji kipi kilichomwa, nani alitorokea msituni. Habari hizo hazimo katika daftari la Livingstone. Kila mzee anayezikwa anazikwa nazo.

Barabara na Luama

Toka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita mia moja, na katikati kuna mto Luama wa kuvuka. Kwa gari, mvua zinaponyesha, mia moja hiyo inaweza kuwa siku nzima au wiki. Wanaoijua kweli njia hii si wenye magari. Ni wamotari, na zaidi yao ni wale vijana wanaosukuma kinga, baiskeli iliyopakiwa mifuko ya mchele, madumu ya mawese, mabunda ya nguo, mpaka dereva mwenyewe haonekani nyuma ya mzigo. Kijana wa kinga anajua kila kilima, kila kijito chenye maji safi, kila kijiji chenye mama anayeuza bugali na sombe kwa bei ya haki. Analala pale giza linapomkutia, kwenye baraza ya mtu, juu ya mkeka.

Hilo nalo ni kupiga kambi, ila hakuna aliyewahi kuliita hivyo. Ukitafuta mtaalamu wa safari za polepole kusini mwa Maniema, ndiye huyo. Siku mgeni mwenye hema atakapokuja, mtu wa kumwongoza hahitaji kuletwa toka Kinshasa. Yupo njiani sasa hivi, anasukuma.

Jambo jingine linalojulikana na kila msafiri ni vizuizi. Kamba imefungwa toka mti hadi mti, kijana ameketi kivulini, na pesa inatakiwa. Mwenye kinga analipa, mwenye pikipiki analipa zaidi, na anayeonekana mgeni analipa kadiri uso wake unavyosomwa. Risiti haitolewi, au inatolewa karatasi isiyo na mhuri. Wanaofanya hivyo hawafikirii kwamba wanafukuza mtu. Lakini bwana na bibi waliosimamishwa mara nyingi ndani ya siku moja hawatarudi, na nyumbani hawatasimulia uzuri wa Luama. Watasimulia kamba.

Kasongo na matongo yake

Mgeni akisema "Kasongo" watu humpeleka mjini: kanisa kuu la jimbo Katoliki, misikiti, soko, uwanja wa ndege, vyuo. Akitaka pia ataambiwa habari za hospitali, kwa maana kuanzia miaka ya 1970 Kasongo ilikuwa shule ya madaktari wa nchi nyingi. Hapa, kwa ushirikiano na chuo cha tiba za nchi za joto cha Antwerp, ulijaribiwa mpango wa vituo vidogo vya afya vilivyounganishwa na hospitali moja, na mengi yaliyoandikwa baadaye duniani juu ya afya ya msingi yalitaja jina la Kasongo. Ni heshima ambayo mji wenyewe haujaiandika ukutani.

Lakini mji wa leo si ule wa Tippu Tip. Ule wa zamani uko fasi inayoitwa Tongoni. Kwa Kiswahili tongo ni mahali palipokaliwa na watu na kuhamwa. Jina lenyewe limekuwa kibao, kwa kukosekana kibao kingine. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa maelfu ya watu, wenye mashamba, nyumba kubwa za udongo, maghala ya pembe, na jamii za kila namna: watu wa pwani, wenyeji waliosilimu na kuitwa Waungwana, watumwa, mafundi, wake na watoto wa wote hao. Wanaakiolojia na wanahistoria wamefanya kazi huko, na mwaka 2020 jarida la Antiquity lilichapisha ripoti yao juu ya historia, mabaki na kumbukumbu za nyakati hizo. Ripoti iko kwa Kiingereza. Wenye matongo hawajaisoma.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alifariki Zanzibar mwaka 1905. Nyumba yake ya Mji Mkongwe inajulikana na kila mtembeza wageni, na watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuutazama mlango wake wa kuchonga. Aliacha pia habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili, moja ya kazi za kwanza za namna hiyo katika lugha hii. Mtu akitaka kujua jinsi utajiri wa mlango ule ulivyopatikana, jibu liko Tongoni. Zanzibar imebaki na mlango, nayo Kasongo imebaki na matongo. Anayetazama kimoja bila kingine amesikia nusu ya shauri, kama hakimu aliyesikiliza mlalamikiwa peke yake.

Tena urithi wa nyakati zile haukubaki ardhini tu. Uko mezani: mpunga unaolimwa leo Maniema nzima uliletwa na misafara. Uko kando ya njia: miembe mikubwa ya zamani, mara nyingi ndiyo inayoonyesha palipokuwa kituo au nyumba ya mtu wa pwani. Uko msikitini: Maniema ni kati ya sehemu za Kongo zenye Waislamu wengi zaidi. Na uko kinywani, kwa sababu Kiswahili kinachosemwa Kasongo kilipanda na misafara ile ile, kikabaki baada yake. Bwana na bibi wa Ujiji watashangaa. Wamevuka ziwa, wamevuka mpaka, wamepita milima na mito, na bado wanaomba chakula kwa lugha ya nyumbani kwao.

Wataambiwa pia kwamba utawala ule haukuanguka kwa upole. Mwezi Machi 1893 majeshi ya Dola Huru la Kongo, chini ya Dhanis, yaliingia Nyangwe; mwezi Aprili yakaingia Kasongo. Vita viliisha mwaka 1894. Vitabu vya kikoloni viliita hayo ukombozi wa watumwa. Waliokombolewa wakajikuta wanabeba mizigo ya bwana mwingine, kisha wanatafuta mpira msituni kwa amri. Kibao kitakachowekwa Tongoni siku moja kinapaswa kuwa na nafasi ya kuandika yote mawili.

Nyangwe

Kituo cha mwisho ni Nyangwe, kaskazini-magharibi ya Kasongo, juu ya Lualaba. Cameron alifika mwaka 1874, Stanley mwaka 1876, na toka hapa Stanley alishuka na mto akisindikizwa na Tippu Tip hadi ikajulikana kwamba Lualaba ndiyo Kongo yenyewe. Habari hizo zimo katika vitabu vyote. Lakini jambo kubwa la Nyangwe halikufanywa na msafiri yeyote. Lilikuwa soko.

Livingstone aliliona mwaka 1871. Liliketi kila siku ya nne, na alikadiria watu kama elfu tatu, wengi wao wanawake, waliokuja kwa mitumbwi na kwa miguu na samaki, vyungu, chumvi, kuku, mihogo. Vijiji vilivyokuwa na ugomvi viliacha ugomvi siku ya soko. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliingia na bunduki, wakaanza na mabishano juu ya kuku, kisha wakapiga risasi katikati ya umati. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengi wakachukuliwa na maji. Hesabu iliyotajwa wakati ule ilikuwa kati ya mia tatu na mia nne. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliongeza nguvu ya wale waliomshurutisha Sultani Barghash wa Zanzibar, na mwezi Juni 1873 akatia sahihi kufunga soko la watumwa.

Kwa maneno mengine, vifo vya akina mama wa soko la Nyangwe vilisaidia kufunga soko la Unguja. Kule Unguja, penye soko lile, kuna kanisa kuu, kuna sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, na wageni hupanga foleni. Na Nyangwe? Majina ya wale wanawake hayakuandikwa na mtu. Bwana na bibi watasimama ukingoni, watatazama maji na mitumbwi ya Wagenya, na kama hawakusoma habari hizi kabla ya kuja, watapiga picha ya machweo na kuondoka. Hakuna kitu pale cha kuwaambia wamesimama wapi.

Wasiokubali

Wapo watakaosema: watu wana njaa, barabara ni mashimo, bunduki zingali msituni, na huyu anazungumza mahema. Neno lao ni zito, na halijibiwi kwa mzaha. Lakini linachanganya mambo mawili. Usalama na barabara ni kazi ya serikali, vitagharimu mamilioni ya dola, na vitachukua miaka. Kibao kimoja cha mbao Tongoni hakisubiri mamilioni. Kumketisha mzee chini ya mwembe, akasimulia, mwalimu akaandika katika daftari la senti chache, hakusubiri amani kamili. Amani itakapokuja, kinga ya mchele itapita siku hiyo hiyo. Lakini mzee aliyekufa mwaka jana hatasimulia.

Wapo pia watakaosema utalii ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2010 mume na mke Wabelgiji walipitisha gari lao toka Lubumbashi hadi Kinshasa, wakilala ndani ya hema juu ya paa la gari au katika misheni, wiki baada ya wiki ndani ya matope. Safari yao ilisomwa na watu wengi sana duniani. Hawakupita Maniema, lakini walichokumbuka wasomaji kingeweza kuwa cha Maniema: matope, madaraja yaliyovunjika, mikono iliyonyooshwa kuomba pesa, na hapa na pale padri au mwanakijiji aliyewapa fasi ya kulala. Wasomaji wa mbali waliifahamu Kongo kwa hayo. Funzo lake si kwamba wageni wale walikuwa wabaya. Walisimulia walichokutana nacho. Asiyejiandaa kusimulia nchi yake husimuliwa na mpita njia, naye mpita njia husimulia gurudumu lililokwama.

Na wapo, wengi wao watu wazima, wanaosema kimoyomoyo: habari za utumwa ni aibu, afadhali zilale. Kuna jamaa ambazo babu zao waliuzwa, na kuna jamaa ambazo babu zao waliuza, nao wote wanachota maji kisima kimoja na kuoleana. Hofu hiyo ina heshima yake. Ila kunyamaza hakujawafanya watu wasahau. Kumewafanya wakumbuke kwa minong'ono. Jambo linaloandikwa mbele ya wote, na wazee wa kila upande wakakubali maneno yake, lina sumu ndogo kuliko linalonong'onwa.

Yanayowezekana sasa

Hakuna haja ya mpango mkubwa wenye kurasa mia. Mambo machache yanatosha kuanzia, na yote yako ndani ya uwezo wa machifu, parokia, misikiti, shule na mashirika ya raia ya Kasongo na Kabambare.

Kwanza, vibao vitatu kwa Kiswahili: Kabambare, Tongoni, Nyangwe. Sentensi tano kila kimoja, zikisomwa na wazee kabla ya kuchongwa. Pili, wanafunzi wa vyuo vya Kasongo wapewe kazi ya kukusanya habari za wazee wa njia ya misafara, badala ya kunakili tena yaliyoandikwa na wengine. Tatu, viwanja vya kulala: ua wa parokia, ua wa msikiti au wa chifu, choo safi, maji, mama wa kupika wali na samaki wa Lualaba, bei iliyobandikwa ukutani na risiti mkononi. Nne, viongozi wa teritwari mbili wakubaliane juu ya karatasi moja kwa msafiri, ilipwe mara moja, iheshimiwe kila penye kamba. Tano, jimbo liiombe Kinshasa izungumze na Dodoma, ili ile orodha ya mwaka 2006 ivuke ziwa na kufika ilikoanzia njia.

Na kabla ya mgeni yeyote wa mbali, waanze watu wa hapa. Ni wanandoa wangapi wa Kasongo wamewahi kwenda Nyangwe bila msiba wala biashara? Walimu wangapi wamewafikisha wanafunzi wao Tongoni? Kiangazi kikikubali na njia ikiwa tulivu, bwana mmoja amkalishe mkewe nyuma ya pikipiki, wafunge mkeka, sufuria na mchele kilo mbili, waende wakalale usiku mmoja karibu na mto, waulize maswali, warudi. Majirani watacheka. Mwaka wa pili watakuwa jamaa wanne. Mama mmoja atauza samaki wa kuchoma kwa watu wasiokuwa wa kijiji chake. Hivyo ndivyo miji mingine ilivyoanza, kwa watu wake wenyewe kuitembelea.

Wale wawili wa Ujiji watakuja siku moja, wao au watoto wao. Watashuka garini, watasalimia, wataambiwa "karibuni", kwa maana ukarimu ndio kitu ambacho vita havijauweza kusini mwa Maniema. Kisha bibi atauliza kwa sauti ndogo: "Mama wa bibi yangu alichukuliwa toka huku. Mnajua watu wa huku walipitishwa wapi?" Siku hiyo pawe na mtu wa kusimama, kuvaa viatu vyake, na kumjibu: "Twende, mama. Ni hapa karibu."